Weka Mizani Pembeni, Chukua Kamba

Kuna ujumbe umenikalisha tangu juzi, na najua aliyeuandika anasubiri jibu huku mkono wake uko kwenye pochi.

Anasema hivi: "Dada, shikamoo. Nina miaka 34 na watoto wawili. Tangu Januari natoka na kikundi cha jogingi cha mtaani kwetu, asubuhi mara nne kwa wiki. Miezi mitatu imepita, nimepungua nusu kilo. Nusu kilo, dada! Ofisini wananiuliza kama kweli nakimbia au naenda kupiga soga. Nimechoka, raba nimezisukumia uvunguni. Sasa kuna dada mmoja anauza vidonge mtandaoni, anasema vina homoni ya mazoezi, ukivinywa mwili unadhani umekimbia. Bei yake ni sawa na kodi yangu ya mwezi mzima. Mama yangu ana kisukari, ameshakatwa kidole cha mguu, na mimi naogopa. Ninunue?"

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue. Pesa hiyo kalipie kodi. Na raba zitoe uvunguni leo, kwa sababu ile miezi mitatu haikupotea. Umefanya kazi kubwa ndani ya mwili wako, ila mizani haina uwezo wa kuiona. Pole sana kwa mama. Hofu yako naielewa. Mimi pia nimelelewa na mama mwenye kisukari, najua harufu ya spiriti ya kusafishia kidonda inavyokaa ndani ya nyumba. Kwa hiyo leo tukae, nikueleze kinachotokea mwilini mtu anapotembea, ili siku nyingine akija mwuza vidonge ujue cha kumjibu.

Tuanze na sahani ya wali. Ukila wali, ugali, chapati, muhogo, chochote chenye wanga, mwili unakivunja kuwa sukari na sukari inaingia kwenye damu. Hapo kongosho linatoa insulini. Kazi ya insulini ni kwenda kubisha hodi kwenye seli: fungueni, chakula kimefika. Ini linapokea sehemu yake, mafuta yanapokea, lakini mpokeaji mkubwa anatakiwa awe misuli. Misuli ikipokea vizuri, saa mbili baadaye damu imetulia. Isipopokea, sukari inabaki inazurura kwenye mishipa, na ikizurura miaka mingi ndiyo inayoharibu macho, figo, neva za miguu na mishipa ya moyo.

Sasa mtu akikaa sana, mafuta yakajaa tumboni na mengine yakajipenyeza mpaka ndani ya ini na ndani ya misuli yenyewe, hodi ya insulini inapigwa lakini haiitikiwi. Hali hiyo inaitwa ukinzani wa insulini. Kongosho nalo halikati tamaa. Linatuma insulini nyingine, na nyingine tena. Kwa miaka kadhaa kipimo cha sukari kinaweza kuonyesha namba nzuri tu, kumbe kongosho linafanya kazi ya watu watatu. Siku likielemewa sukari inapanda, na ndugu wanasema kisukari kimemwanza ghafla. Hakuna kilichoanza ghafla hapo. Mlango ulikwama siku nyingi, ila waliokuwa nje hawakujua.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayosema leo: misuli ina mlango wa uani. Msuli unapojikunja na kujikunjua, unapopanda ngazi, unapobeba ndoo, unapotembea haraka kukimbizia daladala, wabebaji wa sukari waliokuwa wametulia ndani ya seli wanasogea juu na kuanza kuivuta sukari kutoka kwenye damu bila kungoja insulini ibishe hodi. Hata kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ambaye mlango wake wa mbele umekwama, huu wa uani unafunguka. Si hivyo tu. Ukishamaliza mazoezi, mlango wa mbele nao unabaki mwepesi kwa muda, siku moja mpaka mbili hivi, halafu taratibu unarudi ulivyokuwa.

Umeona hapo? Siku moja mpaka mbili. Ndiyo sababu watu wenye kisukari hushauriwa wasipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Faida yake haihifadhiki kama mahindi ghalani. Mtu anayejitesa Jumamosi kwa saa tatu kisha akakaa kitini mpaka Jumamosi nyingine anapata kitu, simnyimi haki yake, lakini yule anayetembea nusu saa kila siku ndiye ambaye milango yake haipati nafasi ya kushika kutu. Wewe ulikuwa unatoka mara nne kwa wiki. Mdogo wangu, kwa miezi mitatu milango yako karibu muda wote ilikuwa wazi, na ulikuwa hujui.

Tuje kwenye nusu kilo yako. Tumezoea kuuona mwili kama jiko la mkaa: ukipepea zaidi, mkaa unaisha zaidi. Mwaka 2012 mwanasayansi Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya hapa hapa kwetu, kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe mnawajua, wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma matunda. Wanaume walikuwa wanatembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu kilomita 6. Watafiti waliwanywesha maji maalumu yenye alama, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa, njia inayoaminika sana kujua mwili umetumia nguvu kiasi gani. Walitarajia kukuta Mhadzabe anachoma nguvu nyingi mno kuliko Mmarekani wa ofisini. Hawakukuta hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, walikuwa karibu sawa.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kazi, hubana matumizi sehemu nyingine, kama mama mwenye nyumba anavyobana matumizi ya mboga mwezi wa ada za shule. Nguvu inayotumika mguuni inapunguzwa kwingineko. Kwa hiyo mtu anayetegemea kukimbia peke yake kumshushe kilo 15 atakata tamaa mapema, hasa kama akirudi anajipongeza kwa chapati mbili na soda. Kilo zinapungulia zaidi jikoni. Lakini hao hao Wahadzabe ambao hawachomi nguvu kutuzidi, presha ya juu kwao ni nadra, na hata wazee wao wanapanda vilima. Mwendo unawapa kitu, na kitu hicho hakipitii kwenye kilo.

Ukitaka ushahidi mwingine, nenda China. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, walichaguliwa watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kuyumba lakini bado haijawa kisukari. Kliniki 33 ziligawanywa: zingine zilisimamia chakula, zingine mazoezi, zingine vyote viwili, na zingine ziliendelea kama kawaida. Baada ya miaka sita, hatari ya kupata kisukari kwa kundi la mazoezi ilikuwa imepungua kwa asilimia 46 ikilinganishwa na wale walioachwa kama kawaida. Na faida ilionekana kwa wanene na kwa wembamba pia. Hebu fikiria mtu mwembamba, ambaye hana kilo za kupunguza. Yeye mazoezi yalimkinga vipi? Kwa milango ile ile niliyokueleza, na kwa jambo la pili ambalo ndilo mwuza vidonge wako amelisikia nusu akalifanya biashara.

Shuleni tulifundishwa kwamba homoni zinatolewa na tezi. Misuli tuliambiwa ni ya kubebea ndoo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari wa Denmark, Bente Klarlund Pedersen, na wenzake mjini Copenhagen walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi nao unatoa kemikali zinazoingia kwenye damu na kupeleka habari mbali: kwenye ini, kwenye mafuta, hata kwenye mishipa ya damu. Kemikali hizo wakaziita mayokini. Iliyochunguzwa mapema kuliko nyingine ni intalukini-6, ambayo kwa mkimbiaji wa marathoni inaweza kupanda mpaka mara 100. Inaliambia ini litoe sukari ya akiba, inayaambia mafuta yafunguliwe yatumike. Baada ya hapo inaamsha kemikali nyingine za kutuliza ule uvimbe wa chini kwa chini ambao mafuta ya tumboni huusambaza mwilini, na uvimbe huo ndio mmoja wa wanaokwamisha milango ya insulini.

Kundi hilo la Copenhagen lilifanya jaribio moja ambalo mimi nalipenda sana, likachapishwa mwaka 2019. Watu wenye vitambi waliendeshwa baiskeli za mazoezi kwa wiki 12. Baadhi yao walikuwa wakipewa dawa inayoziba masikio ya mwili usiisikie intalukini-6. Wote walitoka jasho. Waliokuwa hawana kizuizi, mafuta ya ndani ya tumbo yalipungua. Waliozuiwa, mafuta hayo hayakupungua, pamoja na jasho lote lile. Maana yake kitambi hakikuyeyuka kwa joto la jasho, kiliondoka kwa sababu misuli ilipeleka ujumbe na ujumbe ukafika.

Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayozunguka ini na utumbo. Usiyachanganye na yale laini ya mapajani na makalioni ambayo shangazi zetu wanayasifia harusini. Hayo ya chini hayana ubaya wa namna hiyo. Ya ndani ndiyo yanayotupa kisukari na presha. Mizani haiwezi kuyatenganisha. Mtu anaweza kupunguza mafuta ya ndani, akaongeza msuli kidogo, mizani ikasema nusu kilo. Ndiyo iliyokupata wewe, nahisi, na kamba itatuambia. Kamba nitaifikia.

Sasa kidonge. Homoni anayoitaja dada wa mtandaoni bila shaka ni irisini. Januari 2012, maabara ya Bruce Spiegelman mjini Boston ilitangaza kwamba misuli ya panya waliofanya mazoezi inatoa homoni mpya, wakaipa jina la Iris, ambaye katika hadithi za Wagiriki wa kale alikuwa tarishi wa miungu. Kwa panya, homoni hiyo iliyafanya mafuta meupe, yale ya kuhifadhi, yaanze kufanana na mafuta ya kahawia, ambayo kazi yake ni kuchoma nguvu na kutoa joto. Watoto wachanga wanayo mengi, yanawakinga na baridi. Dunia ilisisimka. Magazeti yakaandika kidonge cha mazoezi kinakuja. Halafu ukazuka ubishi mkubwa: wanasayansi wengine walionyesha kwamba vifaa vingi vilivyotumika kuipima irisini kwa binadamu vilikuwa vinakamata protini nyingine zisizohusika. Mwaka 2015 ikapimwa kwa mtambo makini zaidi, ikaonekana kweli ipo kwenye damu ya binadamu, kidogo sana, na iliongezeka kiasi kwa waliofanya mazoezi. Utafiti unaendelea, na mimi naufuatilia kwa hamu, lakini mpaka leo hakuna dawa ya irisini iliyoidhinishwa kumtibu binadamu.

Hata ingekuwapo, sikiliza. Irisini ni protini. Ukiimeza, tumbo litaivunja kama linavyovunja maharage. Insulini pia ni protini, na ndiyo maana tangu kijana wa miaka 14 alipopewa kule Toronto mnamo Januari 1922, wagonjwa wanajichoma sindano badala ya kumeza. Huyo anayekuuzia kidonge cha bei ya kodi, muulize hiyo homoni inapitaje tumboni salama. Uliza kwa upole tu. Halafu usimlipe.

Turudi kwenye maisha yetu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya wastani ni mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 150 ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano. Kudeki nyumba nzima kwa kuinama kunahesabika, kufua mashuka kwa mikono kunahesabika, kutwanga kunahesabika, kucheza muziki sebuleni na wanao mpaka mkahema kunahesabika. Nasisitiza hili kwa sababu kuna wadogo zangu wanaamini zoezi si zoezi mpaka uvae nguo za kubana na kulipia jimu. Mwaka 1953 Jeremy Morris alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokaa siku nzima walipata maradhi ya moyo kuwazidi makonda, ambao kutwa walikuwa wanapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makonda wale hawakulipia jimu.

Lakini kama ungeniambia nikuchagulie saa moja tu ya siku, ningekuchagulia baada ya chakula cha usiku. Sisi chakula chetu kizito ni cha usiku, tena usiku hasa, saa tatu, wengine saa nne. Tunakula wali umejaa sahani, kisha tunahamia kwenye kochi na tamthilia, kisha kitandani. Sukari inaingia kwenye damu saa hizo hizo ambazo misuli yote imelala. Kuna utafiti mdogo wa mwaka 2013, wa wazee 10 waliokuwa katika hatari ya kisukari, ulioonyesha kwamba kutembea dakika 15 baada ya kila mlo kuliteremsha sukari ya baada ya chakula cha usiku kuliko kutembea dakika 45 kwa mkupuo mmoja mchana. Ni wazee 10 tu, siupandishi juu ya kimo chake, lakini tafiti nyingine nazo zinaelekea huko huko.

Na mimi nimeyaishi. Nilipokuwa na miaka 43 nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, ikasoma 6.3. Kwa kipimo hicho, kuanzia 6.1 umeshaingia eneo la tahadhari, na 7.0 na kuendelea, ikithibitishwa tena, ni kisukari. Nilitoka pale nikiiona miguu ya mama. Jioni ile baada ya kula nilimwita jirani yangu, tukazunguka mtaa. Kesho yake tena. Tuliendelea, nikapunguza na sukari kwenye chai, na baada ya miezi minane nikasoma 5.5. Kilo zangu? Zilipungua mbili. Ningezitegemea hizo mbili kuniambia habari, ningekuwa nimeacha mwezi wa pili.

Najua mitaa mingine haina taa na mwanamke kutoka saa tatu usiku ni kujitafutia matatizo. Usitoke. Zunguka uani, panda na kushuka ngazi ya mlangoni, chuchumaa na kuinuka mara kumi, pumzika, rudia, osha vyombo ukiwa umesimama. Mwezi wa Ramadhani wanaotembea kwenda tarawehe baada ya futari wanafanya jambo jema mara mbili.

Neno kuhusu kunyanyua vitu vizito, kwa sababu hapa wadogo zangu wa kike mnanikimbia. Mnaogopa kuwa na mikono ya kiume. Mwanaume ana testosteroni inayomzidi mwanamke zaidi ya mara kumi. Madumu mawili ya maji ya lita 5 hayatakupa mabega ya mbeba magunia wa Kariakoo. Yatakupa msuli, na msuli ndio ghala la sukari. Ghala likiwa dogo, utaweka wapi wali wa jioni? Kuanzia miaka ya thelathini, asiyeushughulisha msuli wake anaupoteza kidogo kidogo kila mwaka. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma na estrojeni kushuka, mafuta nayo yanahama kutoka mapajani kwenda tumboni. Dada zangu wa miaka 50 mnaoniandikia kwamba mnakula vile vile lakini kiuno kimepotea, hamjakosea kitu. Ni homoni zimebadilika, na jibu lake moja kubwa ni hayo madumu, mara mbili kwa wiki, pamoja na kusukuma ukuta na kuchuchumaa.

Na wewe mdogo wangu ambaye hedhi inaruka miezi, chunusi haziishi na vinywele vinaota kidevuni, wakakuambia ovari zina vifuko vingi, ule ugonjwa ambao hospitali wanauita PCOS: mara nyingi nyuma yake kuna ukinzani wa insulini. Insulini ikizidi kwenye damu inaisukuma ovari itengeneze homoni za kiume. Kwa hiyo mwendo wako wa kila siku unagusa hata hedhi yako. Nenda kwa daktari wa wanawake, usibaki na majani ya kuchemsha peke yake.

Usingizi pia. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya vijana 11 wa kiume wenye afya walioruhusiwa kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa siku sita. Miili yao ikaanza kushindwa kuishughulikia sukari vizuri, na kotisoli, homoni ya mashaka, ikawa juu jioni. Anayekesha na simu mpaka saa nane za usiku halafu anaamka saa kumi na moja kukimbia anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Ikibidi, lala, kimbia jioni.

Sasa tahadhari, na hapa naomba usome polepole kwa ajili ya mama. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vya aina ya glibenklamidi, anaweza kushukiwa na sukari akiwa kwenye mazoezi au hata saa kadhaa baadaye. Apime kabla ya kutoka, azungumze na daktari wake kuhusu dozi, na asitoke bila kitu cha sukari mfukoni. Akihisi jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla au akili kuchanganyikiwa, asimame hapo hapo. Sukari chini ya 4 ni hatari. Vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, apumzike, apime tena baada ya dakika 15. Asitembee na kandambili; avae viatu vilivyofunika vidole, na kila usiku nyayo zikaguliwe, maana neva zikishakufa ganzi mtu anaweza kukanyaga msumari asihisi. Mwenye maumivu ya kifua au anayeishiwa pumzi akipanda ngazi chache aanze kwa daktari, raba baadaye. Mjamzito amuulize mkunga wake, ingawa wengi wanaruhusiwa kutembea.

Na usishtuke ukipima sukari mara tu baada ya kukimbia kwa kasi ukakuta imepanda. Adrenalini imeliambia ini lifungue akiba. Subiri, pima tena baadaye.

Tumefika kwenye kamba. Chukua kamba yoyote, hata ya kufungia mzigo. Simama bila viatu, ikate sawasawa na urefu wako kuanzia kisigino mpaka utosini. Ikunje katikati. Zungushia kiunoni, juu kidogo ya kitovu, pumua kawaida, usivute tumbo. Ncha zikigusana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hapo ndipo tunapotaka uwe. Zisipogusana, tia alama kwa kalamu mahali zilipofikia. Mwenye futi ya fundi cherehani atumie hiyo. Kwa mwanamke tunaanza kuwa macho kuanzia sentimita 80, kwa mwanaume 94. Nina uhakika mkubwa kwamba gauni ulilovaa Januari sasa linakaa tofauti kiunoni, ila hukuliangalia kwa sababu macho yalikuwa kwenye mizani.

Nenda pia kituo cha afya ukapime sukari kabla ya kula asubuhi, na presha. Una mzazi mwenye kisukari, wewe si wa kusubiri dalili. Mwambie mama naye aende na daftari lake, mumuulize daktari kwa pamoja anaweza kutembea kiasi gani. Kisha kesho jioni, mkishamaliza kula, mshike mkono mtoke naye taratibu mpaka kwa jirani na kurudi. Baada ya miezi mitatu niandikie tena. Kilo sitaki kuzisikia. Niambie kamba imefikia wapi, sukari yako inasomaje, na kama mama siku hizi ndiye anayekukumbusha kwamba saa ya kutembea imefika.